Runinga ya inchi 55 iliyong'oka ukutani Mji Mkongwe: uchambuzi wa kisa

Chumba ni cha kukaa, ghorofa ya pili, katika nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja. Upana wake ni mita 3 na kidogo, kwa sababu ile ile inayofanya vyumba vingi vya mji huo viwe vyembamba: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuzidi urefu wa mti wenyewe. Mkabala na kochi palikuwa na runinga ya LED ya inchi 55, kilo 16 bila miguu yake, imefungwa kwa breketi ya mkono, ile inayovutwa mbele na kugeuzwa huku na huku. Ilikaa hapo miezi mitatu. Usiku mmoja wa masika, baada ya chakula, mkono ukavutwa mbele kama kawaida ili waliokaa mkekani nao waone. Dakika chache baadaye runinga ikashuka pamoja na breketi yake, skrubu zake nne na bamba la lipu lenye ukubwa wa sinia ya pilau.

Hakuna aliyeumia. Mtoto wa miaka minne, ambaye kila siku hukaa chini ya runinga na vidude vyake, usiku huo alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake. Kilo 16 zilizoanguka kutoka kifuani mwa mtu mzima hadi pale anapokaa mtoto si jambo la kusimuliana tu na kulisahau, ndiyo maana kisa hiki kinastahili kufunuliwa tabaka kwa tabaka.

Wenyewe walifanya jambo moja la maana pale pale: walizima swichi kuu ya nyumba kabla ya mtu kuigusa runinga. Plagi ilikuwa nyuma yake, haifikiki, na waya ulikuwa umebanwa chini ya fremu. Ukikuta hali kama hiyo, fanya hivyo hivyo. Usiingize mkono nyuma kutafuta plagi.

Lawama ya kwanza iliiangukia breketi. Ilipochunguzwa, ilikuwa haijapinda hata kidogo, na skrubu zote nne zilikuwa nzima, fisha zake (vibomba vya plastiki vinavyotangulia tunduni) bado zimevaa. Kilichoachia ni ukuta.

Ukuta ulivyokuwa kwa ndani

Kuta za nyumba hizi si za matofali ya saruji. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga, unene wa nusu mita au zaidi, na juu yake lipu ya chokaa ya sentimita 3 hadi 5. Tumbawe lenyewe lina vitundu kama sifongo. Kati ya jiwe na jiwe kuna chokaa ambayo ikilowa unaikwangua kwa ukucha. Ukuta wa namna hii hubeba mzigo mkubwa ukikandamizwa kutoka juu, na ndiyo maana nyumba hizo zimesimama miaka na miaka. Kuvutwa kwa mbele ni habari nyingine kabisa.

Fisha hufanya kazi kwa kutanuka. Skrubu ikiingia, plastiki inasukuma kuta za tundu, na tundu likikataa kusogea, msuguano unaishika. Kwenye tofali la saruji tundu linakataa. Kwenye chokaa linakubali: chembe zinasagika, tundu linapanuka kwa nywele moja, na kila runinga inapovutwa na kurudishwa, nywele nyingine inaongezeka. Baada ya miezi mitatu fisha inacheza ndani ya tundu lake kama jino bovu.

Fundi alikuwa ametumia fisha za milimita 8 na skrubu za sentimita 6. Lipu ilipopimwa mahali ilipobanduka ilikuwa na unene wa sentimita 4. Ukitoa pia unene wa bamba la breketi, skrubu zilikuwa zimeingia kwenye ukuta wenyewe chini ya sentimita 2, tena hakuna hata moja iliyoshika jiwe lenyewe. Kuna zaidi: kekee ilitumiwa kwa mtindo wa kugonga, kama kwenye zege. Kugonga huko kulimega midomo ya matundu hadi milimita 12 na 13, yakawa na umbo la faneli. Alipoona fisha zinazunguka, alishindilia njiti za kibiriti na saruji laini. Saruji haikushika. Vumbi halikusafishwa tunduni, na chokaa kuukuu iliyo kavu hunyonya maji ya saruji kabla haijakomaa, ikabaki unga uliogandamana.

Upande wa kushoto ulikuwa na siri yake. Lipu ilipobanduka ulionekana mstari wima ulionyooka, rangi upande mmoja nyeupe, upande wa pili ya kijivu. Hapo palikuwa na kidaka, yale matundu ya ukutani ambayo wazee waliwekea taa, misahafu na vyombo vya kauri. Mtu fulani zamani alikiziba kwa kifusi na kukipiga lipu juu. Skrubu mbili kati ya nne zilikuwa zimefungwa ndani ya kifusi.

Dalili zilikuwapo kabla. Wiki mbili nyuma, unga mweupe ulikuwa unatoka kandokando ya bamba la breketi, na ulikuwa ukifutwa kwa kitambaa kila asubuhi kama vumbi la kawaida. Unga huo ni chumvi na chokaa zinazosukumwa nje na unyevu. Lipu ya upande wa barabarani ilikuwa na ufa, mvua za masika ziliingia, ukuta ukalainika. Ukiona unga mweupe, mchirizi wa kutu au ufa mwembamba unaoanzia kwenye skrubu, ishushe runinga siku hiyo hiyo.

Kuujua ukuta kabla ya kuutoboa hakuhitaji chombo cha gharama. Gonga kwa kifundo cha kidole kutoka kona hadi kona, ukisikiliza pale sauti inapogeuka kutoka nzito kuwa tupu. Kisha toboa tundu moja la majaribio kwa biti ya milimita 5, bila kugonga, chini yake umebandika karatasi iliyokunjwa kama mfuko. Soma unga unaoanguka. Unga mweupe laini ni lipu. Unga wenye mchanga, na biti ikaingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha, ni maungio au kifusi. Ukisikia ukinzani wa kukwaruza na unga ukawa na punje ngumu, umefika kwenye jiwe. Funga utepe kwenye biti ili ujue kila tabaka limeanzia sentimita ya ngapi. Na kabla ya hayo yote, angalia soketi na swichi ziko wapi: kwa kawaida nyaya hupanda wima au kwenda mlalo kutoka hapo, lakini katika nyumba za zamani zilizofungwa umeme mara kadhaa, nyingine hukata ukuta mshazari. Zima umeme wa chumba hicho unapotoboa, vuta umeme wa kekee kutoka chumba kingine.

Hesabu ya mkono

Breketi ya mkono ilikuwa na urefu wa sentimita 40 ikivutwa yote. Yenyewe ina kilo 4. Ili kujua mvuto kwenye skrubu za juu, zidisha uzito kwa umbali wake kutoka ukutani: kilo 16 mara 40 ni 640, kilo 4 za breketi, ambazo kitovu chake kiko katikati ya mkono, mara 20 ni 80. Jumla 720. Gawa kwa umbali kati ya skrubu za juu na za chini, ambao ulikuwa sentimita 20. Jibu ni kilo 36 za kung'oa, yaani kilo 18 kwa kila skrubu ya juu, bila kuhesabu mtikisiko wa mtu anayevuta.

Runinga hiyo hiyo ikiwa kwenye breketi bapa, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 6 kutoka ukutani, hesabu inatoa takriban kilo 5 tu. Uzito haukubadilika hata gramu. Breketi ya mkono ni kifaa kizuri kwa ukuta wa zege. Kwenye ukuta wa mawe na chokaa haifai, na muuzaji akikuonyesha maandishi ya boksi yanayosema inabeba kilo 40, maandishi hayo yanaisemea breketi. Ukuta wako hayaujui.

Nyuma ya runinga

Runinga ilipoinuliwa ilionekana hatari ya pili, ambayo haikuhusiana na kuanguka lakini huenda ingeleta mabaya zaidi. Waya wake ulikuwa na plagi ya pini mbili za mviringo, na soketi ya ukutani ni ile ya matundu matatu ya mraba. Njia iliyotumika ni ile inayojulikana kila nyumba: kalamu ya wino inasukumwa kwenye tundu la juu, vizuizi vya ndani vinafunguka, pini mbili zinaingizwa kwa nguvu. Plastiki kati ya pini ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, na tundu moja la soketi lilikuwa na masizi.

Sababu ni hii. Pini za mviringo hazijazi nafasi ya mraba, zinagusa kwa ncha tu. Umeme ukipita penye mguso mdogo unaleta joto na cheche, joto linalegeza shaba ya soketi, mguso unapungua tena. Jambo la pili, plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake. Ya pini mbili haina. Saketi ya soketi kwenye ubao wa umeme mara nyingi inalindwa kwa breka ya ampea 32, na waya mwembamba wa runinga unaweza kuungua kabla breka hiyo haijashtuka. Runinga ya inchi 55 hutumia wati 100 hadi 150 hivi, chini ya ampea 1 kwa umeme wetu wa volti 230. Fyuzi ya ampea 3 inaitosha. Inayokuja ndani ya plagi kutoka dukani ni ya ampea 13, kwa hiyo ifungue plagi uibadilishe.

Dawa iliyotumika ni kubadilisha soketi iliyoungua na kufunga kwenye waya plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3. Adapta za bei ya chini zinazocheza zikiingizwa ukutani hazikutumiwa.

Kioo

Runinga ilitua kwa pembe ya chini kushoto. Ilipowashwa kwa majaribio baada ya kukaguliwa waya, sauti ilitoka safi, na picha ikawa na mistari wima ya rangi na doa jeusi linalotawanyika kama wino kwenye maji. Hiyo ni dalili ya kioo kilichovunjika ndani. Kioo cha LCD, ambacho ndicho kilicho ndani ya runinga ya LED pia, ni vipande viwili vya kioo vyenye unene wa chini ya milimita 1 kila kimoja, na umajimaji kati yake, hakibandikwi, hakizibwi. Kioo kipya cha inchi 55, ukikipata, bei yake hukaribia ya runinga nzima. Hapo gharama za kutengeneza hazina maana.

Isichanganywe na hali nyingine inayofanana nayo kwa jina: sauti ipo, picha haipo, kioo hakina ufa. Funga mapazia, washa tochi ya simu, uielekeze kwenye kioo kwa mshazari kutoka karibu. Ukiona picha hafifu inatembea humo, kioo ni kizima na zilizokufa ni taa za nyuma, mistari ya LED iliyopangwa mfululizo ambapo moja ikikatika mstari mzima unazima. Hiyo hutengenezeka kwa bei nafuu, na fundi akikwambia moja kwa moja kwamba kioo kimekufa, mwombe afanye jaribio la tochi mbele yako.

Nyuma ya runinga usifungue mwenyewe. Kapasita kubwa (kifaa kinachohifadhi chaji) ya kwenye bodi ya pawa hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kuchomolewa.

Ilivyofungwa mpya

Ushauri wa kwanza kwa ukuta wa chokaa ni meza pana ya chini, runinga ikakaa kwa miguu yake na kufungwa mkanda kwa nyuma. Ni rahisi, salama, na ukuta haudhuriki. Hapa mwenye nyumba alikataa, na alikuwa na hoja: katika chumba cha mita 3, meza ya sentimita 45 inakula njia.

Runinga mpya ilichaguliwa ya inchi 50, kilo 11. Kutoka kochi hadi ukutani ni mita 2.3, na sehemu kubwa ya wanachotazama ni matangazo ya kawaida kupitia king'amuzi, ambayo kwenye kioo kikubwa kwa umbali huo huonyesha ukungu wake wote. Kuipandisha ilikuwa kazi yenyewe. Gari halifiki mlangoni, ngazi ni kali na nyembamba. Boksi lilibebwa na watu wawili likiwa limesimama, mkono mmoja chini na mwingine ubavuni, hadi juu. Runinga haibebwi ikiwa imelala, wala kwenye bajaji wala kwenye mkokoteni: ikilazwa, kioo hujipinda kwa uzito wake chenyewe, na shimo moja la barabarani linakimaliza. Ikitolewa kwenye boksi hushikwa fremu ya chini na ubavu, vidole mbali na kioo.

Suluhisho la ukuta lilikuwa nguzo mbili za mninga, sentimita 5 kwa 10, urefu wa sentimita 150, zikisimama sakafuni juu ya ubao wa kugawa uzito, sentimita 40 kati yake, zikiunganishwa kwa mbao tatu za mlalo. Breketi bapa ilifungwa kwenye mbao hizo. Kwa mpango huu uzito unashuka sakafuni. Ukuta umebakiziwa kazi moja, kuzuia nguzo zisiiname mbele, na kwa hesabu ile ile ya juu, mvuto huo hauzidi kilo 1 kwa runinga iliyotulia. Hata mtoto akiikamata na kujining'iniza, unabaki wa kilo chache.

Nguzo zilishikizwa ukutani kwa pointi nne, kila moja ikitafutwa kwa tundu la majaribio mpaka ipatikane ndani ya jiwe. Ya juu kushoto ilibidi isogezwe mara mbili ili kukikwepa kidaka. Matundu ya milimita 10 yalitobolewa kwa kuzungusha tu, polepole, yakapulizwa, yakasuguliwa kwa brashi ya waya, yakapulizwa tena. Fisha zilikuwa ndefu, sentimita 10, zilizosukumwa ndani hadi zipite lipu, na skrubu za chuma kisichoshika kutu zilizochaguliwa urefu wake baada ya kujumlisha nguzo, pengo na lipu. Chuma cha kawaida kwenye hewa ya bahari na chokaa yenye chumvi hushika kutu, kutu huvimba, na lipu hupasuka kutoka ndani. Kati ya nguzo na ukuta liliachwa pengo la sentimita 2 kwa vipande vya mbao, kwa kuwa ukuta wa chokaa hupumua: ukiufunika, unyevu unarudi ndani, na mgongo wa runinga unaunyonya.

Urefu ulizua mjadala. Aliyekaa kochini macho yake yako kama sentimita 105 kutoka sakafuni, aliyekaa mkekani yako kama 75. Kitovu cha kioo kiliwekwa sentimita 95, chini kuliko mafundi wengi wanavyopenda, na hakuna anayevunja shingo. Runinga kufungwa karibu na dari kama ilivyo hotelini ni tabia ya kuachwa.

Skrubu za mgongoni mwa runinga zinahitaji uangalifu kuliko zinavyopewa. Hii ilitumia za M6, yaani za unene wa milimita 6. Kabla ya kuzifunga, kijiti chembamba kiliingizwa tunduni hadi kikagota, kikawekewa alama na kupimwa: milimita 14. Breketi na washa zilikuwa na milimita 4. Kwa hiyo skrubu ilipaswa kuwa fupi kuliko 18. Ikatumika ya 16, inayoingia milimita 12. Skrubu ndefu kupita kiasi husukuma kilicho ndani, na kinachoonekana mbele ni doa jeupe lisiloondoka, au bodi iliyotobolewa. Fupi mno hushika nyuzi mbili tatu na kuzivua. Zote nne zikazwe kwa mkono kwanza, ndipo zimalizwe kwa bisibisi, kamwe si kwa mashine.

Pimamaji iliwekwa kwenye breketi, si juu ya runinga, na runinga ikaning'inizwa na watu wawili, wa tatu akichungulia pembeni kuhakikisha ndoano zote mbili zimeingia na vifungo vya chini vimebana.

Umeme na waya za juu ya paa

Runinga nyingi za sasa hukubali volti 100 hadi 240, hivyo umeme ukiwa mdogo haziathiriki sana. Kinachoua ni umeme kuzidi. Waya wa nyutro ukikatika au kulegea kwenye nguzo ya mtaani, nyumba moja inaweza kupata volti zinazokaribia 400 huku jirani taa zake zikififia. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, sekunde za kwanza huwa na mruko. Ndiyo maana palifungwa gadi ya umeme, kisanduku kinachokata volti zikizidi au kupungua mno, na kinachosubiri kabla ya kuruhusu umeme uliorudi. Stebilaiza kubwa, kifaa cha kusawazisha volti, haikununuliwa, haikuhitajika. Gadi ilichomekwa moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni, nayo ikawekwa pembeni ya nguzo, mahali mkono unafika bila kuishika runinga.

Gadi haizuii radi. Dishi liko juu ya paa la bati, na waya wake ni njia nyoofu hadi kwenye king'amuzi, kutoka hapo kwa waya wa HDMI, ule wa picha na sauti, hadi runinga. Mvua ya ngurumo ikinukia, kuzima kwa rimoti hakusaidii kitu: chomoa plagi ya runinga, plagi ya king'amuzi, na waya wa dishi. Waya huo ulikuwa pia ukileta maji. Kiungio chake cha nje kilikuwa wazi, mvua iliingia kati ya ganda na shaba na kuteremka polepole hadi ndani ya chumba. Kiungio kikabadilishwa na kufungwa utepe wa mpira, na waya ukapewa kitanzi cha kushuka chini kabla ya kuingia dirishani, ili maji yadondoke hapo.

HDMI ichomekwe vifaa vyote viwili vikiwa vimechomolewa umeme. Ule mtekenyo mtu anaousikia akigusa bati la king'amuzi ni umeme kidogo unaovuja kwa kawaida kwenye vifaa visivyo na waya wa ardhi. Mtu haumdhuru, tundu la HDMI unaweza kulichoma.

Utunzaji uliokubaliwa nyumbani

Siku ya kwanza runinga ilikuwa kwenye mtindo wa dukani, mwanga wote umefunguliwa ili ishindane na taa za duka. Ilihamishiwa mtindo wa nyumbani na mwanga wa nyuma ukashushwa hadi 55 kati ya 100. Taa za nyuma ndizo zinazokufa mapema, na zinauawa na joto lake zenyewe. Kitambaa cha kufuma kilichokuwa kikifunika ile ya zamani kinaruhusiwa ikiwa imezimwa na kupoa tu.

Kufuta: izime, ichomoe, isubiri ipoe. Kitambaa kikavu cha nyuzi laini, kutoka juu kwenda chini, bila kukandamiza. Alama ya kidole ikigoma, kitambaa hicho hicho kiloweshwe maji safi kidogo na kukamuliwa hadi kisitoe tone. Dawa ya vioo vya madirisha, spiriti na sabuni ya unga vinachubua utando wa kioo. Kosa kubwa zaidi ni kupulizia maji moja kwa moja kwenye kioo. Tone linateleza hadi ukingo wa chini, linaingia nyuma ya fremu, na hapo ndipo zilipo riboni nyembamba kama ngozi ya kitunguu zinazopeleka picha kwenye kioo. Riboni moja ikilowa unapata mstari wima usiofutika. Baadhi ya runinga zinazopelekwa kwa mafundi zikiwa na mstari wa namna hiyo zilisafishwa vizuri mno.

Mijusi ni shida ya kweli pwani. Inapenda joto la bodi ya pawa, inaingia kwa matundu ya hewa, na mjusi mmoja akigusa sehemu mbili za bodi anakufa na kuiua. Kuziba matundu ni kosa, runinga itaungua kwa joto lake. Taa ya ukutani iliyokuwa inavuta wadudu jirani na runinga ilihamishwa, na nyufa za dari zikazibwa. Dawa ya wadudu haipuliziwi karibu na matundu hayo.

Mvua za vuli zilipopita, mbao za mlalo zilikuwa zimecheza kidogo na skrubu mbili zikaongezwa robo mzunguko. Zile nne za ukutani hazikuhitaji kuguswa. Pale penye kidaka unga mweupe umerudi, kwa sababu ufa wa nje umezibwa juzi tu, kwa chokaa, na ukuta wenye unene wa nusu mita haukauki kwa mwezi. Brashi inapita kwenye pengo la nyuma ya nguzo na kuufagia.